Mkono Uliogomea Kalamu

Watu wa Kisumu wakikosa la kusema, humsema mume wangu. Kaa pale soko la Kibuye kati ya mama wawili wa rika langu. Mmoja atakuambia Karani Walubengo alirogwa na Oketch, mwingine atakuambia hapana, Walubengo mwenyewe ndiye aliyekuwa na dawa, ikamgeukia. Mimi nauza sukuma wiki hapo hapo jirani yao, na masikio yangu ni mazima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka akaniuliza, "Mama Metrine, ilikuwaje?" Na mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na huo mkono.

Basi nitasema mwenyewe, na asiyetaka kusikia aendelee kununua vitunguu.

Mume wangu alikuwa karani wa kampuni moja ya pamba, ofisi yake karibu na stesheni ya reli. Tulitoka Bungoma tukiwa vijana, yeye na cheti chake cha shule, mimi na jembe ambalo sikupata pa kulilimia. Alikuwa na mwandiko, jamani. Herufi zake zililala zote upande mmoja, kama waumini wakisinzia katikati ya mahubiri, na hakuna iliyompita mwenzake kwa urefu. Mke wa meneja Mzungu alimwita nyumbani amwandikie kadi za Krismasi. Kanisani alikuwa katibu, na vyeti vyote vya ubatizo vilitoka mkononi mwake. Akienda likizo, kuna wazazi waliomweka mtoto bila ubatizo mpaka Walubengo arudi, maana walitaka cheti cha kutundika ukutani.

Mimi sikujua hata a. Siku ya harusi yetu pasta alifungua kitabu, bwana arusi akainama, akatia sahihi yenye mikia miwili iliyochukua nusu ya mstari wangu. Halafu wakaniletea wino, nikabonyeza kidole gumba kando yake. Mume wangu akatoa leso mfukoni, akanipangusa kidole mbele ya watu, taratibu, huku akitabasamu. "Usijali," akaniambia. "Nitakuwa naandika kwa ajili yetu sote wawili." Watu wakaona ni mapenzi. Mimi pia niliona ni mapenzi, lakini nilirudi kwenye kiti nikiwa nimekunja kile kidole ndani ya ngumi.

Ndiyo maana serikali ya uhuru ilipoanzisha masomo ya watu wazima, yale tuliyoita gumbaru, mimi nilikuwa kwenye benchi la mbele. Tulisoma alasiri kwenye jumba la mikutano. Mwalimu wetu Seline alikuwa msichana mdogo kuliko Metrine wangu, na alinigombeza kama mimi ndiye mtoto. Nilishika penseli kwa vidole vyote, mabega nimekaza, meno nimeuma, jasho linanitoka. "Legeza, Mama," alikuwa akiniambia. "Hiyo si jembe." Nyumbani Walubengo akiona kurasa zangu alicheka mpaka akavua miwani. Aliuliza kama kuku wetu ameingia gumbaru naye.

Mwaka huo, 1968, karani mkuu wa kampuni, Mzungu, alikuwa anarudi kwao. Meneja mpya alikuwa Mwafrika, Bwana Oduor, mtu wa suti na maneno machache. Akasema kiti cha karani mkuu kitakwenda kwa mmoja wa wawili: Walubengo au Oketch. Oketch alikuwa jirani yetu, mtu mpole kutoka Bondo, mwandiko wake wa kawaida tu, wa kusomeka. Hakuna aliyekuwa na shaka ni nani atashinda. Karani mkuu alipewa nyumba Milimani, nyumba yenye mfereji wa maji jikoni. Sitawadanganya, mimi sikuota kiti. Niliota ule mfereji. Kule tulikokaa, kwenye vyumba vya kampuni, tulipiga foleni na ndoo, na kama kazi ingempotea mume wangu, hata hivyo vyumba vingekwenda.

Kazi ya karani mkuu ilikuwa na desturi yake. Kila msimu wa pamba ulipoanza, kitabu kikuu kipya kilifunguliwa mbele ya watu, na karani mkuu aliandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake: jina la kampuni, mwaka, mzigo wa kwanza kutoka Ahero. Huo ukurasa wakubwa waliuonyesha wageni. Bwana Oduor akatangaza kwamba safari hii wote wawili wataandika ukurasa huo, siku ya sherehe ya kufungua msimu, na palepale jina litatajwa.

Wakati huohuo mkono ukagoma.

Mara ya kwanza nilidhani anatania. Alikaa mezani kuandika kumbukumbu za kanisa. Alipogusa karatasi tu, kidole gumba kikajikunja kwa ndani, kile cha shahada kikakakamaa, kifundo cha mkono kikapinda, na kalamu ikatoboa karatasi ikaingia kwenye kitambaa changu cha meza. Akaiweka chini. Mkono ukalainika. Akaishika tena, mkono ukakaza tena. Kitambaa kilikuwa cha kufuma, na doa halikutoka mpaka leo.

Sasa ajabu ni hii. Huo mkono usioweza kuandika jina lake ulimnyoa ndevu kwa wembe bila kumkata. Ulimenya yai. Ulichambua miba ya ngege ukaacha samaki mzima kwenye sahani. Ulishona kifungo, na mwenyewe alitia uzi kwenye sindano nami nikamtazama. Kitu kimoja tu duniani ulikikataa, nacho ni kile kilichotulisha.

Kwa hiyo watu wakasema anajifanya. Ofisini wakasema anagoma kwa sababu hataki kuamrishwa na meneja Mjaluo. Kanisani wakasema labda kuna barua alizoandikia mwanamke fulani, na Mungu ameona. Niliwauliza mwanamke gani, nikamtafute nimwonyeshe huo mkono. Majirani ndio waliokuwa na jibu la haraka kuliko wote. Walisema Oketch anataka kiti, na kwao Bondo kuna watu.

Oketch akasikia. Masikini yule, alikuja kwetu mchana kweupe, amevaa tai, ameleta ngege mkubwa kwenye gazeti, kutuonyesha kwamba yeye si mchawi. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Baba Metrine," akasema, "mimi hicho kiti nakiogopa. Wewe unajua hesabu zangu. Kila mtu akiniona sasa anavuka barabara." Mume wangu akamshukuru. Alipotoka, wote nyumbani wakamtazama yule samaki kama bomu. Mimi nilimpaka chumvi, nikamkaanga, nikamla peke yangu mpaka kichwa. Alikuwa mtamu sana.

Nilimlazimisha Walubengo twende kwa Daktari Obiero, kijana aliyesomea Uganda na kufungua kliniki mjini. Alimkagua mkono, akaugonga, akaukunja, akasema ni mzima. Halafu akatoa njiti za kiberiti. "Mzee, fumba macho," akasema. Akamgusa kidole cha pete kwa njiti. "Hiki ni kipi?"

"Cha kati," mume wangu akajibu.

Akamgusa cha kati. Mume wangu akasema cha shahada. Akaweka njiti mbili pamoja kwenye ncha ya kidole, akauliza ni moja au mbili, na Walubengo akasema moja, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Daktari akanigusa mimi vilevile. Nilisikia mbili, wazi kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka siku hiyo nilikuwa na hasira tu.

"Mkono hauandiki, Mzee," daktari akasema. "Unaoandika ni ubongo. Huko ndani kila kidole kina chumba chake. Kikiguswa, habari zinaingia chumbani kwake. Ubongo ukitaka kisogee, unakiita kutoka chumba hicho hicho. Wewe umeandika miaka mingi, kitu kilekile, vidole vilevile, mbio mbio. Mimi nafikiri kuta zimebomoka. Habari za kimoja zinamwagika kwa wenzake. Basi ubongo ukiita kimoja, wanasimama wote."

"Na kunyoa ndevu?" nikauliza.

"Kunyoa kuna nyumba yake, Mama. Ile haijaguswa."

Walubengo akauliza vitabu vinasemaje. Daktari akacheka kidogo. "Vitabu vinasema ni woga na mawazo mengi. Lakini waliovitunga, nafikiri walikuwa na makarani wa kuwaandikia." Akasema mkono upumzike miezi kadhaa, bila kalamu, halafu wajaribu polepole. Miezi. Sherehe ilikuwa mwisho wa wiki iliyofuata.

Njiani mume wangu alitembea mbele, mkono mfukoni. Mimi nilifikiria jambo moja la ajabu, kwamba mkono wangu ulikuwa ndio unaingia shule na wake ulikuwa unafukuzwa. Nilitaka kulicheka na sikuweza.

Mama mkwe wangu, Nasipwondi, hakungoja miezi. Alishuka kwenye basi la Bungoma na mbuzi, mbuzi akiwa amesafiri juu ya basi pamoja na mizigo ya watu, ana hasira zake. Kwetu mtu akipatwa na jambo lisiloeleweka, huchinjiwa mbuzi, watu wakala, wakamwombea, na ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi huyo hukatwa ukavalishwa mgonjwa mkononi, ukamkaukia hapo. Ni kumwambia kwamba ana watu. Lakini pasta wetu alikuwa ameuweka huo ukanda kapu moja na hirizi na mifupa ya kunguru, na tangazo la kuupiga marufuku lilisomwa kanisani na katibu. Katibu ni nani? Ni mume wangu, kwa sauti yake nzuri.

"Mama, mimi siwezi," akamwambia mamake.

"Huwezi nini? Huwezi kuandika," Nasipwondi akasema. "Kula nyama unaweza."

Akala nyama. Na mamake alipomshika mkono na ule ukanda mbichi, alitazama kando akauacha ufungwe, kwa heshima, akisema atauvua akishamsindikiza mamake kwenye basi. Nasipwondi akaona hivyo akaahirisha safari. Huyo ndiye mama mkwe wangu.

Kesho yake alasiri nilirudi kutoka gumbaru nikamkuta mume wangu mezani. Mbele yake kulikuwa na daftari langu la kujifunzia. Ukurasa mzima alikuwa ameandika Nekoye, Nekoye, Nekoye, jina langu, kila moja na mkia wake, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko ule ule wa kadi za Krismasi. Ukanda ulikuwa umeanza kukauka, kingo zake zimekuwa ngumu, zinamchoma kifundo cha mkono kila akisogea. Alikuwa analia, tena bila kujificha. Nikakaa kando yake nami nikalia. Nasipwondi alipotuona alikwenda nje kuwaambia majirani wote, mlango kwa mlango.

Tulimrudia Daktari Obiero. Alifurahi kuliko sisi. Alimwambia avue ukanda, aandike, vidole vikakaza. Auvae, aandike, vikatulia. Akamvisha saa yake mwenyewe: hapana. Akamfunga bandeji: nusu tu. Ukanda tena: herufi zikatoka. "Ni ule mchomo," akasema. "Ngozi inaguswa hapo, habari mpya inaingia kichwani, na ubongo unakumbuka kuta zilikuwa wapi. Ungeweza kuwa uzi, au kipande cha gunia. Mbuzi msimwambie, atajivuna." Kisha akaacha kucheka. "Lakini ubongo huzoea, Mzee. Ukizoea mchomo, hautausikia tena. Nipe ruhusa nimwandikie meneja wako barua. Nitaeleza ni ugonjwa, una jina, na unahitaji muda."

"Utaandika ni ugonjwa wa nini?" mume wangu akauliza.

"Wa ubongo."

Walubengo akasimama, akavaa kofia. Kwetu sisi, na kwa Bwana Oduor pia, mtu mwenye barua ya daktari inayotaja ubongo ni mtu wa kupelekwa Mathari, hospitali ya wenye wazimu, afungwe kamba asimwume dereva. Nikamwambia njiani, "Baba Metrine, mwache aandike." Akanijibu kwamba afadhali aitwe mshenzi nyumbani kwa mamake kuliko kuitwa kichaa kwenye faili. Siku chache tu, akasema. Akishakalia kiti, karani mkuu ana vijana wa kumwandikia. Basi akanunua shati la mikono mirefu lenye vifungo viwili kwenye kifundo, na ukanda ukaingia ndani.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na ziwa halikutoa hata upepo wa kupepea karatasi. Sisi wake wa makarani tulileta chai na mandazi. Wakubwa walikaa mbele, na pasta wetu alikuwa amealikwa kufungua kwa maombi, kwa maana kampuni haikuwa inafungua hata dirisha bila maombi. Kitabu kikuu kipya kilikuwa mezani. Kurasa mbili zilikuwa zimewekewa utepe.

Oketch akaandika kwanza. Aliandika kama mtu anayelipa faini, akakaa. Ulikuwa mwandiko safi, hauna makosa, hauna kitu.

Mume wangu akainuka. Mimi nilikuwa na birika mkononi nikasahau kuliweka chini. Akachovya kalamu, akapumua, na ule mkono ukaenda. Watu wa nyuma walisimama kuona. Alipofika kwenye neno Ahero, akaipa ile A kichwa cha kifalme, na mkubwa mmoja akasema kwa Kiingereza kitu ambacho hata mimi nilijua ni sifa. Nikauona mfereji wangu jikoni, unatoa maji.

Bwana Oduor hakuwa mtu wa kutabasamu, lakini siku hiyo alitabasamu. Akazunguka meza, akamkamata mume wangu mkono kwa mikono yake miwili, hii chini, hii juu, kama tunavyompa mtu heshima huku kwetu. Ule wa juu ukashika kifundo. Nikauona uso wake ukibadilika. Akabonyeza tena, kuhakikisha. Kisha akafungua vifungo viwili, kimoja, na kingine, akapandisha mkono wa shati. Ukanda ukawa nje, mkavu, na nywele zake nyeupe za mbuzi.

Pasta akasema jina la Yesu. Si kwa sauti.

"Karani," Bwana Oduor akasema, "mimi siamini haya mambo. Nimesoma. Kwa hiyo tusigombane. Vua hicho kitu, uandike mstari mmoja tu, tumalize."

Ilikuwa haki kabisa, mtu asingeweza kulalamika. Walubengo akavua. Akaweka ukanda mezani, akashika kalamu. Kidole gumba kikajikunja, kifundo kikapinda, kalamu ikatoboa ukurasa wa kwanza wa msimu, wino ukasambaa juu ya Ahero yote.

Bwana Oduor, ambaye haamini, alirudi nyuma hatua kadhaa akajifuta mikono yote miwili kwenye suruali ya suti. "Basi ni kweli," akasema polepole.

Hapo mume wangu angeweza kusema mamake amemvika kwa nguvu. Angeweza kuomba msamaha, pasta angemwombea, watu wangeimba wimbo mmoja na labda tungerudi nyumbani na kitu. Nilimtazama nikimwomba kimoyomoyo aseme uongo. Lakini Walubengo alikuwa amechoka. Akasimama wima, akasema ukweli mbele ya wote. "Bwana, si dawa. Ukanda unanichoma tu, basi. Ugonjwa wangu uko kwenye ubongo. Daktari Obiero atawaambia."

Mama mmoja kando yangu alimvuta mtoto wake karibu.

Kabla ya ukweli alikuwa mchawi tu. Baada ya ukweli akawa mchawi mwenye wazimu. Oketch alitangazwa karani mkuu palepale, na akaipokea ile habari kama mtu aliyehukumiwa. Pasta akauchukua ukanda kwa ncha za vidole viwili, akautia kwenye bahasha. Jumapili ukachomwa mbele ya kanisa. Mtu mwingine alisoma matangazo, na alisoma vibaya.

Daktari alikwenda kwa Bwana Oduor kwa miguu yake, akaeleza vyumba na kuta. Bwana Oduor alimsikiliza kwa adabu, akamuuliza kama ugonjwa huo unaambukiza kwa kushikana mikono. Sisi nyumbani tulijaribu kila kitu: uzi, mpira, kipande cha gunia. Nasipwondi akaleta mbuzi wa pili. Huyo alisaidia siku moja, kesho yake mkono ukamzoea, kama tulivyoambiwa. Mama mkwe akasema huyo mbuzi wa pili alikuwa na kasoro. Mpaka anakufa hakuacha kusema kwamba wa kwanza alikuwa amemponya mwanawe, ila kanisa likachoma ukanda wake.

Mwishowe kampuni haikumfukuza. Ilimpeleka ghalani, kusimamia magunia, kazi ya kunyoosha kidole na kupiga kelele, na vyumba tulivyokaa vingerudi kwa kampuni. Alitakiwa kutia sahihi kwamba amekubali, na mtu wa nyumbani awe shahidi. Tulikwenda pamoja. Aliyetuandalia karatasi ni karani mkuu Oketch. Alikuwa amekonda. Alimpa mume wangu kiti chake mwenyewe akabaki amesimama.

"Weka hata mstari tu, Baba Metrine," akasema.

Mume wangu akajaribu. Karatasi ikatoboka, kama nyingine zote. Oketch akangoja, akatazama dirishani, treni ya mizigo ilikuwa inapiga kelele huko nje. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa kile kikopo cha wino, cha wakulima wa Kano wasiojua kusoma, ambacho Walubengo mwenyewe alikuwa akikijaza kila Jumatatu. Alikisukuma tu mpaka katikati ya meza.

Mume wangu alikiangalia. Halafu akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi. Kidole kilekile. Hakikujikunja, hakikutetemeka, kilitulia kama mtoto aliyeshiba. Kilikataa kalamu, wino hakikuukataa.

Nikatoa leso mfukoni mwake, nikampangusa. Nilimpangusa taratibu, nami nilijua wazi ninachokumbuka, na niliona kwenye macho yake kwamba anakumbuka hicho hicho. Yale maneno ya harusi yalikuwa mdomoni mwangu, tayari kabisa. Sikuyasema. Mdomo wangu watu wa Kibuye wanaujua, lakini siku hiyo uliniheshimu.

"Sasa shahidi," Oketch akasema, akanisogezea kikopo.

"Sikitaki," nikasema. "Nipe kalamu."

Nikainama. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetamani jina langu likae kando ya lake kwenye karatasi moja, na Mungu alinipa karatasi hiyo. Nikaanza na N. Ilikuwa kubwa mno, mguu wake mmoja ukakanyaga alama ya kidole chake. Nikaandika e, jasho likaanza kunitoka, meno nimeuma, vidole vyote vimeikaba ile kalamu, na k ikakataa kusimama. Oketch alikuwa amegeuka kabisa ili nisione anaona. Kisha nikasikia mkono umewekwa juu ya wangu, mkono wa mume wangu, mwepesi, mlaini, mzima, bado una harufu ya wino.

"Legeza, Mama Metrine," akaniambia. "Unakaza sana."